Boliti Mbili Chini ya Gari la Hakimu

Sehemu ya kumi na moja

Tulimwacha Koleo amelala chali chini ya gari la Hakimu, spana mkono mmoja, brashi ya rangi ya njano mkono wa pili, na viatu vya mtu vimesimama hatua moja tu kutoka kichwani kwake.

Najua mmeulizana wiki nzima: viatu vya nani?

Vilikuwa vya dada yake.

"Kaka! Ni wewe huko chini?"

Koleo aliisukuma brashi ndani ya mkono wa ovaroli. Moyo ulimdunda kama injini yenye silinda mbovu.

"Ni mimi. Kwani hapa kuna mwingine mwenye miguu mirefu hivi?"

"Unafanya nini saa ya chakula?"

"Nakukagulia kazi. Au hairuhusiwi?"

Kikasikika kitu kinaburutwa sakafuni. Kitinda alipiga magoti, akamsukumia kaka yake kipande cha boksi.

"Lalia hiki. Saruji ina baridi, na mgongo wako tunaujua." Akashusha sauti. "Na asante, kaka. Tangu jana nilitaka kukuomba unikagulie. Niliona haya tu."

Akaenda zake.

Koleo alilitazama boksi lile. Angepigwa teke, teke lingemuuma kidogo kuliko lile boksi.

Kwa wewe uliyekuwa safarini wiki zilizopita, nikupitishe haraka. Gereji ni ya Mzee, baba yao. Mikono imeanza kumtetemeka, nati ndogo zinamwanguka, na mwezi huu alitamka mbele ya wanawe wawili: "Gari la Hakimu likimaliza majaribio yake, nitasema gereji namwachia nani."

Koleo ni mkubwa. Miaka ishirini na miwili yuko gerejini pale, na jina alilipata kwa vidole vyake: vikishika kitu, kimeshikwa. Dada yake wanamwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba. Ana miaka mitatu tu kwenye kazi, lakini anajua kuzungumza na kompyuta ya gari mpaka gari lenyewe likiri kosa.

Na Hakimu alipolileta gari lake la kifahari, lenye viti vya ngozi na milango inayojifunga kwa unyenyekevu, ligeuzwe liweze kupita mawe na mito, alisema mbele ya watu wote: "Nataka alishike binti."

Neno lile lilimwingia Koleo kama msumari kwenye tairi. Hewa ikaanza kutoka polepole, na hadi leo haijakoma.

Sasa, gereji ile ina desturi yake. Ukikaza boliti, unapiga mstari mwembamba wa rangi juu ya nati mpaka kwenye chuma. Nati ikisogea, mstari unakatika, na kila mtu anaona. Mzee ana rangi nyeupe. Koleo nyekundu. Kitinda njano. Mstari wako ni neno lako. Hakuna anayeshika brashi ya mwenzake, kama vile hakuna anayeshika mswaki wa mwenzake.

Koleo alikuwa ameishika.

Alikuwa amelegeza boliti mbili za nyuma za bamba la chuma, lile linalokinga tumbo la injini, kisha akachora mistari mipya ya njano juu yake. Hesabu yake ilikuwa ndogo na ya kitoto: bamba lipige kelele kwenye mawe, Mzee akunje uso, Hakimu aulize ni nani aliyekaza. Basi. Hakutaka mtu aumie. Ninaliandika hilo kwa sababu ndilo pekee nililo nalo la kumtetea.

Baada ya boksi lile alikaa dakika nzima, spana imeshagusa boliti. Alikuwa anaikaza tena. Nawaambia ukweli, alikuwa anaikaza!

Ndipo akasikia sauti ya baba yake nje.

"Kitinda, mwanangu! Njoo umwonyeshe Mheshimiwa kazi yako. Kazi kama hii sijaiona tangu nishike spana."

Tangu ashike spana! Miaka arobaini ya spana, ishirini na miwili kati ya hiyo Koleo akiwa ubavuni mwake.

Koleo aliiondoa spana kwenye boliti. Akatoka chini ya gari, akajipangusa.

Hakimu alikuwa mlangoni, anafuta viatu vyake vumbi asije akachafua sakafu iliyokwisha kufagiwa. Mwanamke mstaafu, mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyesikiliza uongo miaka thelathini bila kusinzia.

"Hebu nieleze kama unamweleza bibi asiyejua kitu," alimwambia Kitinda.

"Tairi hizi, Mheshimiwa, ni nene kuliko zile ulizokuja nazo. Zile zilikuwa za lami, nyembamba kama ukanda. Jiwe moja tu na rimu imekwisha. Bomba hili linalopanda mpaka paa ni la kuvutia hewa, ili ukipita mtoni injini isinywe maji. Mbele, winchi, ya kujivuta kwa waya ukikwama. Chini, bamba la chuma."

"Na ulaini wake? Hujaniharibia ulaini?"

"Sijauharibu. Gari hili halina springi za chuma, lina mifuko ya hewa. Nimeiambia kompyuta iinue mwili wake kidogo zaidi. Ukikaa ndani utadhani uko sebuleni."

Hakimu alishusha pumzi. "Mume wangu ana mgongo mbovu, na macho yanamfifia. Daktari amesema ni mwaka huu tu. Nataka aione milima kabla haijawa giza kwake. Ndiyo maana sikuchukua gari gumu la kazi. Nataka aione akiwa amekaa vizuri."

Kitinda alimshika mkono. "Ataiona, Mheshimiwa."

"Mgema akisifiwa," Koleo alinong'ona, akimimina maji ya kunawa, "tembo hulitia maji."

"Umesema?" Mzee aliuliza.

"Nimesema maji ni baridi."

Saa nane ilipofika, wakajiandaa kwenda kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, ambako gereji ile hujaribia magari yake yote. Kitinda akamgeukia baba yake.

"Baba, kaka ndiye aendeshe. Hakuna anayeyajua mawe ya kule kama yeye."

Mzee alimtazama Koleo kwa matumaini.

Fikirini! Angeendesha, angelikumbuka bamba, angepita njia ya chini, na hadithi yangu ingeishia hapa. Lakini kelele ingetokea yeye akiwa kwenye usukani.

"Mwenye kazi aendeshe," Koleo alisema. "Mimi nani? Mimi wa kufungua nati za pikapu."

Kitinda aliinamisha macho. Gari likatoka, yeye kwenye usukani, Hakimu pembeni, Mzee nyuma.

Koleo alikwenda kwenye stoo ya spea, dirishani kwa mkewe. Mama Pacha ndiye anayetunza boliti, mipira na filta zote, na anazijua kwa majina kama watoto wake.

"Mbona huli?" alimuuliza. "Nimekufunikia chakula. Kitinda amekutengea na sehemu yake pia, anasema hana njaa."

"Kitinda, Kitinda! Hata wewe?"

"Baba Pacha, nimesema chakula, sijasema vita."

Koleo alikaa juu ya debe. Akauma mkate. Kisha, kwa kuwa mwenye wivu haishi kulikuna donda lake, akauliza, "Hivi lile bamba, alilifunga kwa boliti zipi?"

"Nne za kawaida. Mbili ndefu."

"Ndefu za nini?"

"Si alinisumbua Jumanne asubuhi nzima! Zile za nyuma. Amehamishia kule ile sensa ya kimo, maana ilipokuwa mwanzo ingevunjwa na mawe. Boliti mbili zile zinashika bamba, na zinashika sensa pia."

Koleo aliacha kutafuna.

"Sensa ipi?"

"Wewe ndiye fundi, unaniuliza mimi? Ile inayoiambia kompyuta gari liko juu kiasi gani. Kitinda alinieleza: sensa ikiteleza, kompyuta inadhani gari limeinuka mno, inatoa hewa upande ule, gari linalala. Kwenye lami ni kichekesho. Kwenye mteremko..."

Hakumaliza. Alikuwa anautazama mkono wa mumewe ulioshika mkate. Pembeni ya ukucha wa gumba, mstari wa njano.

"Baba Pacha," alisema polepole. "Umefanya nini?"

Koleo alikwisha kusimama. "Funguo za pikapu! Ziko wapi?"

"Umefanya nini?"

"Mama Pacha, funguo!"

Mkewe alimtupia, na badala ya kubaki akaruka dirishani, akapanda upande wa pili. Njia nzima hakusema neno. Alimshika tu mumewe goti, kwa sababu mguu ulikuwa unatetemeka juu ya pedali ya mafuta na pikapu ilikuwa inarukaruka.

Walipofika kwenye ukingo wa machimbo, waliliona.

Gari la Hakimu lilikuwa limeanza kupanda ngazi ya mawe, ile nyembamba inayokata ubavu wa kilima. Kulia, ukuta wa mawe. Kushoto, hewa tupu, na chini kabisa dimbwi la maji ya kijani lisilojulikana kina. Gari lilikuwa limeinamia kushoto kidogo, kwa kuwa njia yenyewe pale imeinama. Mzee alikuwa mbele, anarudi kinyumenyume, akimwongoza Kitinda kwa mikono.

"Simama!" Koleo alipiga kelele. "Kitinda, simama!"

Kitinda hakugeuka hata kope.

Nanyi msimlaumu. Kwenye mawe kuna sheria moja, na Koleo ndiye aliyemfundisha: dereva humtazama mwongozaji mmoja tu. Hata mama yako akiita, humtazami. Macho yako yako kwenye mikono ya yule mmoja, kwa sababu wawili watakuua. Ngumi juu, simama. Vidole vikikuita, njoo.

Vidole vya Mzee vilikuwa vinaita.

Koleo aliruka kutoka kwenye pikapu, akapanda kwa magoti na viganja mpaka ubavuni mwa baba yake.

"Baba, mwambie asimame!"

"Toka hapa!"

"Baba, gari litaanguka!"

"Acha wivu wako!" Mzee alifoka bila kuondoa macho kwenye tairi. "Wiki sita nakutazama unavyovimba. Mwache mtoto apite!"

"Baba, nakuapia..."

"Mwache apite, nimesema!"

Hayo ndiyo malipo ya mwenye wivu, wajukuu zangu. Siku anaposema kweli, hana wa kumwamini.

Koleo alitazama mikono ile inayotetemeka ikiendelea kuita. Akatazama tairi la mbele, hatua nne. Hatua tatu. Hakuwa na neno lingine.

Akaenda akakaa.

Alikaa chini mbele ya tairi, katikati ya njia, miguu ameinyoosha, kama mtu anayeota jua.

Breki zililia. Tairi lilisimama shubiri moja kutoka kwenye soli ya kiatu chake. Ndani, Hakimu alishikilia mkanda wake kwa mikono yote miwili.

"Kaka, umerukwa na akili?" Kitinda alipiga kelele dirishani.

Na hapo hapo, kabla hajajibiwa, gari lilitoa pumzi.

Pshhhhh.

Pumzi ndefu, ya uchovu. Upande wa kushoto ukaanza kushuka. Sentimita moja. Tano. Tairi la kulia la nyuma likaachana na jiwe, likaning'inia.

"Usiguse kitu!" Koleo aliruka juu. "Mguu kwenye breki! Mheshimiwa, egemea kulia, kwangu, kwangu! Baba, winchi!"

Mzee alivuta ndoano ya winchi, mikono haikumsaidia, ikamponyoka. Mama Pacha akaidaka, akakimbia nayo mpaka kwenye mwamba wa juu, akauzungushia waya kama alivyoona wakifanya mara mia kutoka dirishani kwake. Waya ukakaza. Gari likalia, likatulia, likavutwa hatua kwa hatua mpaka mahali pa tambarare.

Hakimu alitoka kwa miguu yake. Alikuwa mweupe midomoni, lakini jambo la kwanza alilofanya ni kuchukua chupa ya maji na kumpa Kitinda.

"Kunywa, binti yangu. Wewe kwanza."

Kitinda hakunywa. Aliingia chini ya gari. Alipotoka, alikuwa analia.

"Boliti mbili za sensa. Zinazunguka kwa vidole. Na rangi ni yangu." Akamgeukia baba yake. "Baba, nilidhani nimezikaza. Ni kosa langu. Nusura niwaue."

Koleo alilisikia hilo. Ndicho alichokuwa anakitaka wiki sita zote, na sasa kimeletwa mbele yake kimeandaliwa kama chakula mezani. Kitinda amekiri. Hakutakiwa kusema lolote, kunyamaza tu.

Mzee aliinama, akapitisha kidole kwenye mstari wa njano. Akakiinua. Kidole kilikuwa kimechafuka.

"Ulizifunga siku ya Jumanne," alisema. "Rangi ya Jumanne haishiki kidole siku ya Ijumaa. Kuna mtu ameipaka leo."



"Na mimi nina swali," Hakimu alisema taratibu. Alikuwa hamtazami Kitinda. "Fundi, ulikuja hapa mbio, unapiga kelele kwamba gari litaanguka, na gari lilikuwa bado halijafanya kitu. Ulijuaje?"

Macho yote yakamgeukia Koleo.

Alifungua mdomo. Nataka mjue alifungua mdomo.

"Mimi ndiye niliyemwambia," Mama Pacha alisema.

Alikuwa bado amesimama kando ya mwamba, viganja vimechubuka kwa waya wa winchi.

"Ni mimi, baba. Nilizilegeza saa ya chakula. Kisha roho ikanisuta, nikamwambia mume wangu, naye akakimbia."

"Wifi!" Kitinda alisema kama mtu aliyechomwa. "Mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Ni wivu tu." Mama Pacha alisema polepole, macho yake chini. "Kila siku Kitinda hiki, Kitinda kile. Sisi tuliokuwepo tangu gereji ina jeki moja, nani anatuona? Tumekula vumbi, tumekula moshi, leo anakuja mtu na kompyuta yake anakuta meza imeandaliwa."

Koleo aliganda. Maneno yale yalikuwa yake. Moja baada ya jingine, kwa mpangilio ule ule, ndivyo anavyoyasema nyumbani kila jioni akivua viatu, na mkewe akimpokea na kumwambia yatapita, Baba Pacha, yatapita. Kumbe alikuwa ameyahifadhi yote. Na sasa ameyavaa yeye.

Mzee alikaa juu ya jiwe. Alionekana mzee kuliko asubuhi.

"Nilikuita binti yangu," alisema. "Nenda kachukue vitu vyako stoo. Usikanyage tena gerejini kwangu."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe." Alimgeukia Koleo, na sauti ikamlainika. "Wewe nimekukosea. Nilikwambia ni wivu mbele ya watu. Kumbe umekimbia kumwokoa dada yako, na unajua kabisa kwamba ukimwokoa yeye unamfichua mke wako. Mimi nisingeweza. Nilikuwa nimeshaamua gereji nampa nani. Hakuwa wewe. Leo nageuza, na Mheshimiwa awe shahidi. Gereji ni yako."

Kitinda ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alifuta machozi kwa mkono wa ovaroli, akamkumbatia. "Hongera, kaka. Unastahili. Ulikaa mbele ya tairi kwa ajili yangu."

Juu ya bega la dada yake, Koleo alimwona mkewe. Hakuwa analia. Alimpa ishara ndogo kwa kichwa, ile anayompa mezani wageni wakiwepo na nyama imebaki kipande kimoja: chukua wewe.

Hakimu hakuwa anamtazama Mama Pacha. Alikuwa anamtazama Koleo, kimya, bila kupepesa.

"Mbona umesimama?" Mzee alisema. Mkono wake ulikuwa umenyooshwa, unatetemeka hewani. "Nipe mkono, mwanangu, tumalize."

Koleo akamtazama baba yake. Akamtazama mke wake.

Akatoa mkono, akaushika.